Mtutu wa Asili na Mihuri ya Majaribio: Namna ya Kusoma Chuma cha Bunduki Kuukuu za Kijeshi

Tarehe 25 Novemba 1918, mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia, jeshi la Wajerumani wa Afrika Mashariki chini ya Paul von Lettow-Vorbeck liliweka silaha chini. Katika orodha ya makabidhiano zilitajwa bunduki 1,071, na zote ziliandikwa kuwa za Kiingereza na za Kireno. Askari wake wengi walikuwa wameingia vitani mwaka 1914 na Mauser za muundo wa 1871, zile za baruti nyeusi zilizotoa wingu la moshi kila zilipofyatuliwa na kumwonyesha adui mahali mpigaji alipojificha. Miaka minne baadaye walikuwa wakipigana na silaha walizoteka njiani, zikiwemo zile walizochukua kwa Wareno huko Ngomano, kando ya Ruvuma, mnamo Novemba 1917.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha bunduki yenye taji la mfalme wa Uingereza na kusema kwamba babu yake aliibeba akiwa upande wa Wajerumani, usimcheke upesi. Mhuri wa kiwandani hueleza bunduki ilikozaliwa, lakini hauelezi ilikokwenda baada ya hapo. Kosa la kawaida la wanaoanza kukusanya au kuchunguza silaha za zamani ni kuuchukua mhuri mmoja, mara nyingi ule mkubwa unaoonekana kwanza, na kuufanya useme historia nzima. Kila mhuri unathibitisha jambo moja tu kuhusu kipande kimoja cha chuma, nao ulipigwa siku moja na mtu mmoja aliyekuwa na kazi yake maalumu. Uasili wa bunduki hupimwa kwa namna mihuri hiyo mingi inavyokubaliana au kukinzana.

Tuanze na mtutu, kwa sababu ndio sehemu inayozusha ubishi mwingi zaidi. Katika bunduki ya kijeshi mtutu ni kama tairi la gari: umewekwa ukijulikana kwamba utachakaa na utabadilishwa. Gesi ya moto hula chuma mahali risasi inapoanzia safari yake. Viwashio vya zamani, vile vinavyowasha baruti ndani ya risasi, viliacha chumvi iliyovuta unyevu, na askari asiyesafisha silaha yake jioni aliamka asubuhi na kutu ndani ya michirizi, ile mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi. Hata usafi wenyewe ulidhuru, maana kamba ya kuvutia kitambaa ilipokwaruza ukingo wa mdomo wa mtutu kwa miaka mingi ililiharibu duara lake, na shabaha ikapotea. Majeshi yaliagiza mitutu ya akiba kwa maelfu, na mafundi silaha wa vikosi na karakana walikuwa na vipimo vya vijiti vya kuamua mtutu upi bado unafaa na upi utupwe.

Ndiyo maana neno “mtutu wa asili” lina utata. Wapo wanaomaanisha mtutu uleule uliofungwa kiwandani siku bunduki ilipotengenezwa. Wengine wanamaanisha mtutu wowote wa kijeshi uliofungwa na jeshi lenyewe wakati bunduki ikiwa kazini, hata kama ulikuja miaka 25 baadaye. Kisha kuna mtutu uliofungwa na mfanyabiashara au fundi wa mtaani ili bunduki iuzike. Mnunuzi na muuzaji wanaweza kulitumia neno hilo moja kwa nia njema kabisa, kila mmoja akiwa na maana yake. Kwa maoni yangu mtutu wa pili unastahili heshima sawa na wa kwanza, kwa kuwa ni sehemu ya utumishi wa silaha hiyo. Wa tatu ndio unaotakiwa kutajwa waziwazi kabla ya bei kutajwa.

Mkanganyiko wa pili unahusu mihuri yenyewe. Watu huziita alama zote “alama za majaribio”, ilhali nyingi si hizo. Kuna alama ya ukaguzi, ambayo mkaguzi aliipiga baada ya kupima kipande na kukikuta kiko sawa na mchoro. Hii hupatikana hata kwenye parafujo na mbao, sehemu ambazo hakuna anayeweza kuzijaribu kwa kuzifyatua. Kuna alama ya umiliki, kama ule mshale mpana wa serikali ya Uingereza, inayosema tu kwamba kitu hiki ni mali ya dola. Kisha kuna mhuri wa jaribio lenyewe. Huu hupigwa baada ya bunduki kufyatuliwa kwa risasi maalumu iliyotiwa nguvu kupita ile ya kawaida, halafu chuma kikachunguzwa kama kimetanuka, kimepasuka au kimepinda. Mhuri huo hukaa kwenye sehemu zinazobeba mlipuko, yaani mtutu, mwili wa bunduki ambamo mtutu unaingia, na komeo, kile chuma ambacho askari hukivuta nyuma na kukisukuma mbele ili kuingiza risasi. Ukiukuta mhuri wa jaribio kwenye mtutu na mwilini lakini komeo halina, au lina mhuri wa mtindo mwingine, umeshapata swali la kwanza la kuuliza.

Tuchukue Lee-Enfield fupi ya risasi ya inchi .303, bunduki ambayo askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) waliibeba na ambayo picha zake zimejaa katika vitabu vya historia ya eneo letu. Iweke mezani chini ya taa, mdomo wa mtutu ukitazama mbali nawe. Upande wa kulia, kwenye kikombe cha chuma kinachopokea kitako cha mbao, utakuta taji, herufi za mfalme, jina la kiwanda, mwaka na muundo. Jina la kiwanda laweza kuwa Enfield chenyewe, B.S.A. Co. cha Birmingham, L.S.A. Co. cha London, Lithgow cha Australia kilichofunguliwa mwaka 1912, au Ishapore cha India. Wengi husoma hapo tu kisha wakasema, “Hii ni ya 1916.” Kweli, mwili wake ni wa 1916. Mtutu haujasemwa chochote bado.

Sasa sogeza macho mbele hadi pale mtutu mnene unapokutana na mwili. Hapo pana namba ya bunduki, na namba hiyohiyo inatakiwa iwe mwilini upande wa kulia, nyuma ya mkono wa komeo, chini ya bapa la kulengea, kwenye kofia ya chuma iliyo mdomoni, na kwenye mbao ya chini. Pana pia bendera mbili zilizopishana pamoja na taji, herufi za mfalme na herufi P, na huo ndio mhuri wa jaribio la kijeshi. Herufi za mfalme ni kalenda ya bure. VR ni Malkia Victoria, aliyefariki 1901. ER ni Edward wa Saba, aliyetawala hadi 1910. GR ni George wa Tano na baadaye George wa Sita, hadi 1952. Bunduki iliyotengenezwa mwaka 1908, yenye ER kwenye kikombe cha kitako lakini GR kwenye mtutu, imekiri yenyewe kwamba ilibadilishwa mtutu, au angalau ilijaribiwa upya, baada ya 1910. Aidha, mitutu mingi ina tarehe yake kwenye sehemu ile nene, mara nyingi tarakimu mbili za mwaka zilizofichwa na mbao. Mwili wa 1917 wenye mtutu wa miaka ya mwanzo ya 1940 si jambo la kushangaza, kwani bunduki za vita vya kwanza zilitolewa maghalani, zikakarabatiwa na kurudishwa mikononi mwa askari wa vita vya pili.

Je, namba zinazolingana zinatosha kuthibitisha kwamba mtutu ni wa kiwandani? Hazitoshi. Fundi silaha alipofunga mtutu mpya aliupiga namba ya bunduki ile, kama utaratibu ulivyomtaka. Kwa hiyo namba kulingana kunaonyesha kwamba jeshi liliviunganisha vipande hivi, wala hakuonyeshi vilizaliwa pamoja. Anayetaka kujua la pili alinganishe tarehe ya mtutu na ya mwili, mtindo wa tarakimu, na alama za wakaguzi. Mkaguzi wa Enfield, kwa mfano, alitumia taji, namba yake na herufi E. Mtutu wenye alama za wakaguzi wa Enfield kwenye mwili wa Lithgow unakuambia kwamba vipande hivi vilikutana kazini.

Zipo pia herufi zinazobadilisha hadhi ya silaha nzima. DP ina maana kwamba bunduki ilishushwa kuwa ya gwaride na mafunzo tu, na mara nyingi kulikuwa na sababu nzuri ya kuishusha. FTR pamoja na tarehe ina maana kwamba ilirudi kiwandani ikafanyiwa matengenezo kamili, na hapo karibu kila sehemu inaweza kuwa imebadilishwa kihalali. Mtu anayedai bunduki yake yenye FTR 1950 ina mtutu wa 1943 ni lazima aonyeshe tarehe ya mtutu wenyewe.

Baada ya utumishi ndipo unapoingia ukurasa ambao wengi hawaujui. Sheria ya Uingereza hairuhusu silaha kuuzwa kwa raia bila kupita katika moja ya nyumba mbili za majaribio, ile ya London, ambayo chama chake cha mafundi bunduki kilipata hati ya kifalme mwaka 1637, au ile ya Birmingham iliyoanzishwa mwaka 1813. Jaribio la jeshi halikuhesabiwa hapo. Bunduki ilifyatuliwa upya na kupigwa mihuri ya kiraia: taji juu ya NP kwa London, na kwa Birmingham, tangu miaka ya 1950, taji juu ya BNP. Pembeni kiliandikwa kipimo cha risasi na nguvu iliyokusudiwa. Kwa Lee-Enfield ilikuwa .303, kisha 2.222, ambao ni urefu wa ganda la risasi kwa inchi, kisha tani 18.5 kwa kila inchi ya mraba. Anayeviona vitu hivyo kwa mara ya kwanza hudhani ni siri ya kijeshi. Kumbe ni stakabadhi ya biashara.

Mihuri hiyo ya kiraia ina faida isiyotarajiwa, kwani inakuonyesha njia bunduki iliyopita. Lee-Enfield namba 4, muundo uliofuata ule mfupi, zilizotengenezwa na kampuni ya Savage huko Massachusetts zina maneno ya Kiingereza yanayosema kuwa ni mali ya Marekani, kwa sababu zilitolewa kwa Uingereza chini ya mpango wa kuazimisha silaha. Ukiikuta moja ina mihuri ya Birmingham juu yake, ujue ilikwenda Uingereza na kuuzwa huko kama masalio ya jeshi. Neno ENGLAND likipigwa peke yake kwenye chuma, mara nyingi limewekwa kwa ajili ya forodha za Marekani, zilizotaka nchi ya asili ionekane kwenye bidhaa. Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 ilifunga kwa miaka kadhaa mlango wa kuingiza bunduki za masalio ya majeshi, na zilizoingia baada ya mlango kufunguliwa tena katika miaka ya 1980 zina jina na mji wa mwagizaji, wakati mwingine limepigwa vibaya juu ya mtutu hadi likamuudhi kila mkusanyaji.

Wajerumani waliandika kwa sarufi nyingine. Kwenye Mauser 98k, bunduki iliyopitishwa mwaka 1935 na yenye mtutu wa milimita 600, jina la kiwanda halikuandikwa wazi bali kwa msimbo. S/42, baadaye 42, kisha byf, zote ni kiwanda kimoja cha Mauser mjini Oberndorf katika vipindi tofauti. Namba ilianzia moja kila mwaka, na ilipokaribia elfu kumi ikaongezwa herufi ndogo na kuanza upya. Kwa hiyo namba 4512 peke yake haitambulishi bunduki yoyote: unahitaji msimbo, mwaka, tarakimu na herufi kwa pamoja. Mtu akikuletea namba bila herufi, umweleze kwamba amekuletea nusu ya jina. Namba kamili hupigwa mwilini na kwenye mtutu, na vipande vidogo hupewa tarakimu mbili za mwisho. Tai mdogo mwenye namba ya ofisi ya ukaguzi ni alama ya ukaguzi. Tai asiye na namba, aliyeshika swastika, aliyepigwa kwenye mwili, mtutu na komeo, ndiye mhuri wa jaribio la kufyatua. Upande wa chini, mahali mtutu unapoingia mwilini, tazama kistari kimoja kilichochongwa kikivuka vipande vyote viwili. Kistari hicho kikikatika, nusu yake ya mtutuni ikiwa imesogea kutoka nusu ya mwilini, mtutu umewahi kufunguliwa.

Baada ya 1945 Mauser hizi zilisambaa, na kila mrithi akaacha mkono wake. Norwei ilizifunga mitutu ya risasi ya Kimarekani ya .30-06 na kupiga alama za matawi ya jeshi lake. Israeli ilizigeuza kwa risasi ya 7.62 ya NATO. Warusi walizikusanya kwa malaki, wakazivunja na kuziunganisha upya bila kujali kipande kipi kilitoka wapi, wakapiga herufi X mwilini na kuandika namba mpya juu ya vipande visivyolingana. Bunduki ya namna hiyo ikionekana leo namba zote zikiwa sawa, ulinganifu huo umetoka karakana ya Kisovieti. Hapa nitaje upotoshaji mmoja unaorudiwa sana kuhusu jamii ya Lee-Enfield: bunduki za Ishapore za miaka ya 1960 zinazotumia 7.62 ya NATO hazikuwa .303 kuukuu zilizobadilishwa mtutu, bali zilitengenezwa upya kwa chuma kilichokusudiwa kubeba risasi hiyo.

Hata hivyo anayetaka kuona jinsi mtutu unavyoweza kuvuruga utambulisho wote na aitazame Mosin-Nagant. Katika bunduki hii ya Kirusi, alama ya kiwanda, mwaka na namba vimepigwa juu ya mtutu wenyewe, si juu ya mwili. Ukibadilisha mtutu umebadilisha cheti cha kuzaliwa. Wafini walirithi na kuteka bunduki hizi kwa wingi, wakatengeneza mitutu yao bora zaidi na kuifunga kwenye miili ya Kirusi ya zamani. Juu utasoma mwaka wa miaka ya 1940, herufi SA ndani ya kisanduku kuonyesha mali ya jeshi la Ufini, na D kuonyesha kwamba chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, inafaa risasi yao ya D166. Ukiifungua kutoka kwenye mbao na kuigeuza, utakuta chini ya mkia wa mwili mwaka wa Kirusi, pengine 1896. Nchini Marekani, sheria inayozitenga kama vitu vya kale silaha zilizotengenezwa kabla ya 1899 huangalia mwili, kwa hiyo tarehe ile iliyofichwa ndiyo inayoamua, na ile ya mtutuni haina sauti. Wafini walibadilisha mitutu kwa kutaka shabaha nzuri, na kwangu hizo ni miongoni mwa Mosin zinazovutia kuliko zile ambazo hazijaguswa.

Mahali penye bei pana waghushi, na hapa jicho la karibu ndilo hakimu. Mhuri unapogongwa kwa nyundo, chuma husukumwa na kuinuka kidogo kuzunguka herufi. Kwa bunduki iliyosuguliwa na mikono miaka mingi, ukingo huo ulioinuka huwa umechakaa kwanza na kung’aa. Mhuri mpya kwenye chuma cha zamani huwa na ukingo mkali ambao kidole huuhisi, na ndani ya shimo lake hakuna uchafu wala rangi ile ya bluu nyeusi iliyomo katika mihuri jirani. Tarakimu nazo zina mwandiko. Ukikuta 4 iliyofungwa juu kwenye mtutu na 4 iliyoachwa wazi mwilini, zimepigwa na seti mbili za mihuri. Chuma kilichopigwa msasa ili kufuta namba ya zamani huacha bonde dogo linaloonekana ukikishika sambamba na mwanga wa dirisha, na mara nyingi kivuli cha tarakimu ya kwanza kinabaki chini. Katika nchi nyingi, zetu zikiwemo, kufuta namba ya silaha ni kosa la jinai, kwa hiyo kivuli hicho ni suala la polisi kabla halijawa la makumbusho. Zinazoghushiwa zaidi katika ukoo wa Lee-Enfield ni zile za wadunguzi, namba 4 zilizopelekwa kwa kampuni ya bunduki ya Holland & Holland kufungwa darubini. Herufi T mwilini na S51 kwenye kitako ni rahisi sana kupiga kwa seti ya mihuri ya dukani, na ndiyo sababu wachunguzi huangalia kwanza namna vishikizo vya darubini vilivyofungwa.

Kuna jambo moja mihuri haiwezi kusema hata ikiwa halali yote, nalo ni hali ya chuma leo. Jaribio lilipima bunduki siku ile, kwa risasi ile. Mfano mkali zaidi ni Springfield M1903 ya Marekani. Miili yake ya mwanzo ilipita majaribio, ikapigwa mihuri, ikapokelewa na jeshi, halafu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia baadhi ikaanza kupasuka mikononi mwa askari. Uchunguzi ulionyesha kwamba chuma kilikuwa kimeungua katika tanuri. Mafundi walikuwa wakikadiria joto kwa macho, kwa kutazama wekundu wa chuma, na siku za jua kali wekundu uleule ulionekana hafifu kuliko siku za mawingu, nao wakazidisha moto. Utaratibu ulibadilishwa kuanzia takriban namba 800,000 kwa kiwanda cha Springfield na namba 285,507 kwa kile cha Rock Island. Nyingi za namba za chini zilifungwa baadaye mitutu mipya yenye tarehe safi na alama safi, na mtutu huo mzuri bado umekaa mbele ya mwili ulioungua.